Theda na Mshale wa Bluu

Theda Onken aliogopa maji kuliko paka. Lingekuwa jambo dogo kama angekuwa mwoka mikate. Lakini maisha yake yote ya kazi yalipita katika kiwanda cha saa za baharini cha ukoo wa Poppinga, bandarini kwetu Frisia Mashariki, pwani ya kaskazini ya Ujerumani, akifunga mifuniko ya nyuma na kuweka mipira ya kuzuia maji yasiingie. Saa alizozifunga zilizama na wapiga mbizi, zikachapwa na mawimbi, zikarudi zinatembea vilevile. Yeye mwenyewe, jamani, hata beseni lilimtia wasiwasi.

Siri hiyo aliilinda kwa ujanja. Kiwandani kuna desturi: ukitoka muundo mpya, aliyefunga mfuniko wa saa ya kwanza ndiye anayeingia nayo baharini mpaka maji yamfike mabegani, wenzake wote wakitazama. Akitoka na saa inatembea, ni yake. Basi kila mara Theda alimsukumia Folkert wa meza ya jirani. "Chukua wewe, mwanangu, una watoto." Watu wakamsifu kwa ukarimu. Ukarimu gani! Woga mtupu.

Mwaka huu mambo yakamgeukia. Saa mpya ilikuwa na mshale wa ziada, mwembamba, wa bluu, unaoonyesha maji yanavyojaa na kupwa. Na Habbo, mumewe, alikuwa anastaafu kazi ya feri ya visiwani.

"Siku zote nimeishi kwa kufuata maji," alimwambia jikoni, chai ikimpoea mbele yake. "Nikishinda humu ndani, nitajuaje bahari iko wapi?"

Alisema huku anacheka, ila Theda alimjua mtu wake. Habbo alikuwa na hofu. Na bei ya saa ile dukani ilikuwa ya watu wenye mashua zao. Kesho yake Theda akaifunga ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe.

"Mama Theda!" Folkert akashtuka. "Umechanganyikiwa? Maji ya mwezi wa nne yale, yanakata mpaka mifupa!"

"Funga mdomo, ukimaliza funga na mifuniko yako."

"Haya, yaishe. Nitakuletea taulo. Na mchungaji."

Kwa kuwa Theda ndiye aliyetega mshale wa bluu, Bi Wiebke Poppinga, mwenye kiwanda, alimwachia apange saa ya shughuli. Hapo akili yake ikachemka. Akapanga Jumamosi, wakati mshale umeanguka chini kabisa.

Jumamosi ikafika. Kiwanda kizima kikapanda boma la bahari, lile tuta refu la nyasi linalozuia maji, na machupa ya chai, kikipenya katikati ya kondoo wanaolisha, Habbo naye kavaa koti lake la feri, vifungo kavisugua kwa ajili ya kuagwa jioni ile. Kufika juu, hakuna bahari. Matope matupu mpaka macho yanapokomea.

"Sasa bahari iko wapi?" Folkert akauliza.

"Imetoka kidogo," Theda akajibu.

Wakaangua kicheko, isipokuwa Bi Wiebke. "Babu yangu alisema mabegani, Mama Theda. Bila mabega, hakuna saa. Tusubiri yajae."

Maji ya kujaa, hata kidogo! Theda akamtazama Habbo, akaona kesho yake, mtu mzima amekaa jikoni hajui aelekee wapi. Akavua viatu. Akashuka, saa mkononi, matope yakimmeza miguu, mpaka kwenye kidimbwi kilichosahauliwa na bahari, maji ya magotini. Akakaa. Yakafika kifuani. Akafumba macho, akalala chali na nguo zake.

"Mabega hayo!" alipiga kelele. "Njooni muyapime!"

Bi Wiebke alicheka mpaka akajishika kwa kondoo. "Basi, ni yako! Babu hakusema mtu asimame!"

Habbo akamfuata na taulo. "Mke wangu, si ungengoja uingie kama wenzako?"

"Sijui kuogelea, Habbo! Naogopa maji tangu mtoto. Haya, cheka na wewe."

Habbo hakucheka. Alitazama nyuma, kisha akainama. "Hata mimi sijui."

"Hujui nini?"

"Kuogelea."

"Wewe? Na feri yote ile?"

"Ndiyo maana sikuanguka hata siku moja."

Theda alicheka hadi akameza chumvi. Akaivua saa, inatembea kama kawaida, akamfunga mumewe mkononi. "Yako hii. Ukiwa jikoni, ujue bahari iko wapi."

Habbo aliutazama mshale wa bluu. Kisha, na koti lake na vifungo vyake, akakaa kidimbwini kando ya mkewe. Huko bomani Bi Wiebke akaita kwamba chai inapoa.

"Tunakuja!" Habbo akajibu, akiusoma mkono wake. "Bahari bado haijaanza kurudi."