Mahindi ya Uwanjani

Juzi nilimtembelea shangazi yangu kule Bumula, na kabla sijaketi akanituma nikafunge zizi, ndama asije akanyonya maziwa yote ya chai. Nilipofika nikapapasa kutafuta komeo, nikalishika, na mkono wangu ukajua umeshika nini kabla macho hayajatazama. Lilikuwa gongo la hoki. Utepe wa mpini ulikuwa umeoza, lakini kwenye pindo la chini bado palikuwa na rangi ya samawati aliyoipaka shangazi mwenyewe zamani ili lisiibwe. Nikalipitisha kwenye vigingi, ndama akabaki ndani, ng'ombe akabaki nje, nami nikasimama pale muda mrefu kuliko kazi ile ilivyohitaji.

Kwa hiyo nivumilie leo, rafiki yangu. Nataka kukusimulia habari za timu mbovu.

Timu yenyewe ilikuwa yetu, ya wanawake wa Kitale, miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi. Kandanda ilikuwa na watu wake, lakini nyumba yetu ilipakana na uwanja wa magongo, na mtu hupenda kinachopiga kelele karibu na mlango wake. Shangazi, dada mdogo wa baba, aliishi nasi na alicheza beki. Baba hakucheza popote. Alikuwa na mashine ya kusaga posho, na kazi yake ya pili ilikuwa kuwasema viongozi wa timu.

Laiti ungemsikia. Mashine ikinguruma, vumbi la unga limemkaa kwenye nyusi na masharubu, yeye anapaza sauti kuishinda ile mashine. Mimi nilikuwa nikipanga ndoo za wateja kwenye foleni ili mtu asimruke mwenzake, na nilijua orodha ya wachezaji kabla sijalijua jedwali la kuzidisha. Mashine ikizimwa ghafla baba alikuwa hajui, akaendelea kupiga kelele kwenye kimya kile. "Huyu mtoto wa dada ya mwenyekiti anashika gongo kama mwiko! Huyu atatupikia, hatatuchezea!" Akina mama wanacheka mpaka wanaegemea magunia. Naye anapanguza uso, anashusha sauti, anasema, "Lakini si ni ukweli, bana?"

Ulikuwa ukweli. Nimekua, nimetazama timu nyingi zikicheza, na bado nasema ulikuwa ukweli. Kipa wetu alikuwa hodari lakini hakuwa na mbele yake mtu wa kumsaidia ila shangazi. Winga wa kulia alikuwa na mbio na hakuwa na breki, aliupita mpira, akaenda nao mwingine. Yule dada mfupi aliyeuza nyanya sokoni ndiye aliyekuwa na macho ya mchezo, angeweza kukuletea mpira mahali ambapo wewe mwenyewe hukujua ungefika, lakini Jumamosi ni siku ya soko na kila Jumamosi alifika akihema, kwa hiyo kamati ikamfundisha adabu kwa kumweka benchi. Wakafundisha adabu, wakafungwa. Mpwa wa mwenyekiti hakuchelewa hata siku moja, maana alikuja na mwenyekiti.

Na kamati je? Wote walikuwa wakulima wa mahindi, watu wazuri ukikutana nao kanisani. Mwenyekiti alikuwa na lori, na lori ndilo lililomfanya awe mwenyekiti. Wachezaji walisafiri humo nyuma, wakishuka Bungoma wana makapi ya mahindi kwenye nywele na wapinzani wao wamekwisha kujinyoosha. Makocha walibadilishwa wakati ndio kwanza wamejua majina ya wachezaji. Wapishi wengi huharibu mchuzi, husema watu, lakini sisi tulikuwa na wapishi tu. Mchuzi hatukuwa nao.

Tulichokuwa nacho ni uwanja. Nataka unielewe hapa, maana ndiko ninakokwenda. Mpira wa magongo ni mdogo na mgumu kama jiwe, na unapenda ardhi iliyonyooka. Uwanja wetu ulikuwa umesawazishwa na miguu ya watu tangu kabla ya mimi kuzaliwa, na kila mwisho wa mvua wachezaji walijaza pipa maji, wakalisukuma huku na huku mpaka chini pakawa pagumu kama sakafu ya jikoni iliyosiribwa vizuri. Timu za nje zikija zilikuwa na wachezaji bora, lakini sisi tulijua kila kidimbwi. Hapo tulitoa sare na wakubwa. Mara nyingine tulishinda. Baba alikuwa na msemo wake wa siku hizo, "Mcheza kwao hutunzwa," na aliusema akirudi nyumbani mikono nyuma, polepole, apate kuonekana na watu wote.

Nyanya yetu wa Kabuchai hakuupenda mchezo huo. Tukienda kwake likizo, huku tukitafuna miwa barazani, alimtazama shangazi akilipiga msasa gongo lake na kumwambia kuwa gongo ni la kuchungia ng'ombe. Shangazi alicheka. Alikuwa na kicheko cha mtu anayejua ana mahali pake duniani, na mahali penyewe palikuwa pale mbele ya goli letu.

Sasa, mwaka mmoja tuliponea chupuchupu kushushwa ligi, na kamati ikaitisha mkutano pale pale uwanjani. Mwenyekiti akainama, akang'oa kishungi cha nyasi, akakiinua juu tukione. Ilikuwa nyasi ngumu ile ya kutambaa, na kweli ilikuwa imeanza kutupanda kichwani.

"Hii nyasi imetushinda nguvu," akasema. "Mimi naonelea tulime. Tupande mahindi msimu moja tu. Mahindi itamaliza hii takataka, mbolea itabaki kwa udongo, halafu tunapanda nyasi mpya, mzuri, laini."

Watu wote wakamgeukia baba. Ndivyo mikutano yetu ilivyokwenda, mwenyekiti husema na baba humrarua. Baba akatazama chini, akachokoa udongo kwa kidole cha mguu, akachukua donge akalivunja mkononi. Kisha akasema, "Leo mwenyekiti amesema maneno."

Watu wakapiga makofi. Usicheke. Ungezaliwa Trans-Nzoia ungepiga nawe. Kwetu mtu hupanda mahindi mpaka pale lami inapoanzia, na kuona ardhi nzuri imelala bure mwezi wa pili, matrekta yakinguruma kila upande, huwa kunatuuma kama kuona mtoto wa mtu hajala. Shamba likichoka au likishikwa na magugu, unalilima na kulibadilishia mmea. Hilo tulilijua vizuri kuliko watu wowote. Hakuna aliyejiuliza kama uwanja unataka kutendewa kama shamba. Shangazi peke yake ndiye aliyenyoosha mkono.

"Na sisi tutacheza wapi?"

"Ni msimu moja tu, mama," mwenyekiti akamjibu kwa upole. "Si mnaweza omba uwanja kule Bungoma?"

Trekta ilikuja asubuhi yenye ukungu. Kabla ya chai ya saa nne kazi ilikuwa imekwisha. Sisi watoto tulikimbia nyuma ya plau kwa furaha, tukiokota mipira ya zamani iliyomezwa na udongo, na harufu ya ardhi mbichi ilikuwa tamu kweli. Magoli waliyaacha yasimame, maana yangehitajika tena karibuni.

Mwaka ule timu yetu ilikuwa mwenyeji ugenini. Mechi zetu za nyumbani tulizichezea uwanja wa shule moja upande wa Mabanga, nje ya Bungoma, kwenye joto ambalo wasichana wetu hawakulizoea, na mashabiki waliotuzunguka walikuwa wa wapinzani, wanatafuna miwa na kututemea makapi miguuni. Huku nyumbani mahindi yalikuwa yakipanda. Sijawahi kuona mahindi kama yale. Yalinyonya ule udongo uliokuwa umepumzika miaka mingi, yakawa meusi kwa afya, na kufikia Julai yalikuwa yamepita miamba ya magoli. Ukisimama mlangoni kwetu uliona shamba tu. Jioni baba alikwenda kulitazama, akashika jani, akahesabu mabunzi kwa macho, akarudi nyumbani.

Ikafika mechi ya mwisho, na timu ya Bungoma yenyewe. Sare ilitutosha kubaki kwenye ligi. Tukifungwa, tumeshuka, na kila mtu alijua timu iliyoshuka haidai uwanja. Nani angeng'oa mahindi kwa ajili ya timu isiyo na mechi?

Baba alifunga mashine siku hiyo, jambo ambalo hakulifanya hata kwa ugonjwa, tukapanda lori pamoja na wachezaji. Tulipofika, orodha ya wanaoanza ikasomwa. Shangazi hakuwamo. Alikuwa ameiuliza kamati mara nyingi mno habari za nyasi mpya, itapandwa lini, itatoka wapi, nani ataisimamia, na kamati haikupenda maswali. Pale nyuma alisimama mpwa wa mwenyekiti na gongo lake kama mwiko.

Nikwambie ukweli, yule msichana alijitahidi. Nilimchukia siku ile lakini alijitahidi, jasho likimtoka na hofu imemkaa usoni. Tulishikilia sare mpaka karibu na mwisho. Shangazi alikuwa akipasha misuli moto kando ya mstari kipindi chote cha pili, huku na kule, huku na kule, na baba anapaza sauti kana kwamba mashine inanguruma mbele yake. "Muingize! Wewe mwenyekiti, si unaona? Muingize huyo dada yangu!" Mwenyekiti alikuwa anatazama mawingu. Nadhani alikuwa anawaza mahindi yaliyokaribia kuvunwa.

Bungoma wakapata kona fupi, ule mpigo wa adhabu wa karibu na goli. Mpira ukasukumwa, ukatulizwa, ukapigwa chini, na ukapita chini ya gongo la msichana yule kama maji chini ya mlango, ukaingia golini. Shangazi aliacha kukimbia. Alisimama tu, akalishusha gongo lake likagusa ardhi.

Tukarudi nyumbani. Mvua ilitunyeshea njia nzima, tukajikunyata chini ya turubai, na hakuna aliyeimba. Nilimngoja baba atoe maoni yake. Nilikuwa tayari kucheka, nilitaka sana kucheka. Alishikilia ncha ya turubai mpaka Kitale.

Mavuno yalikuwa makubwa ajabu. Ndilo jambo pekee ambalo uongozi wetu ulilifanya likafaulu, na nitawapa haki yao: waligawa sawasawa, kila mchezaji akapata gunia lake, hata wa benchi. La shangazi lililetwa kwa mkokoteni. Baba alilipita pale jikoni kama mtu anayempita mdai. Likakaa. Panya wakaanza kulijua. Mwishowe mama, ambaye hakuwahi kukanyaga uwanjani, alikung'uta debe la unga na kusema, "Njaa haijui ligi, Baba."

Baba akalibeba mwenyewe begani. Nilikwenda naye. Aliwasha mashine, akamimina, akasimama pale akitazama unga ukishuka, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaisikia ile mashine ikinguruma peke yake.

Usiku huo tulikula ugali kwa mboga ya mrenda na maziwa ya mgando. Ulikuwa mweupe, umeshikana vizuri, mvuke wake unanukia. Shangazi alikuwa amekaa upande wa mlango, anafinyanga tonge lake polepole, macho chini. Baba akamaliza, akaongeza, akamaliza tena. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesema jambo la kawaida:

"Hii shamba ni mzuri."

Nilimtazama shangazi. Tonge lilikuwa limesimama njiani. Baba hakuwa amesema uwanja, na nadhani hata mwenyewe hakujisikia. Shangazi akalirudisha tonge sahanini, akanawa mikono, akatoka nje.

Nyasi mpya haikupandwa. Walijaribu kuviringisha pipa juu ya matuta, mpira ukarukaruka kama panzi, wakaacha. Mwaka uliofuata wakapanda mahindi tena na maharagwe katikati yake, na maharagwe yakakwea nguzo za goli. Yule dada wa sokoni akabaki na nyanya zake. Shangazi akaolewa Bumula. Baba aliendelea kusaga mpaka mwaka aliotutoka, lakini maoni hakutoa tena, na wateja wakawa wanasubiri zamu zao kimya. Siku hizi pale pamekatwa viwanja vya nyumba. Nilipita nikitafuta hata shimo la nguzo. Nilikuta kamba ya nguo na soksi za mtoto.

Watu huniambia timu inaweza kuanzishwa tena. Sibishani nao. Mimi najua ilikwenda wapi. Tuliila kwa mrenda, na ilikuwa tamu, na tuliongeza.

Nilipotoka zizini nilimkuta shangazi ameshatenga chai.

"Umefunga vizuri?" akauliza.

"Nimefunga, shangazi. Nimeona komeo lako."

Akaisukuma chai upande wangu, akaketi, akanyoosha miguu yake iliyoanza kuvimba.

"Hiyo ni nguvu sana," akasema. "Tangu niiweke, hapo hakuna kitu imewahi kupita."