Ndoo Nzima kwa Mtu Yule

Asubuhi ile mimi na mdogo wangu Rehema tulikuwa tunamenya mihogo kijijini kwetu, ng'ambo ya Ruvuma. Alikuwa ananicheka kwamba maganda yangu yangeshibisha mbuzi wa kijiji kizima. Wenye bunduki wakatokea shambani. Wakatutwisha magunia ya mahindi yetu wenyewe, wakatuswaga porini.

Mkubwa wao alikuwa na sikio la kushoto lililokatika ncha. Yeye ndiye aliyeshika dumu la maji.

Saa saba mchana Rehema alianza kuyumba. Jasho lilimtiririka, kichwa kilimgonga, akatapika.

"Mpe maji kidogo, kaka, nakushika miguu."

"Maji ni ya wenye bunduki," akajibu yule wa sikio.

Rehema akaanguka. "Dada, nasikia baridi."

Nikadhani homa. Nikavua kanga yangu, nikamfunika gubigubi, pale pale juani.

Jasho likakata. Nikashukuru.

Akaanza kuongea na mama yetu, aliyekufa zamani.

Akakata roho, tukamwacha njiani.

Siku ya tatu nilitoroka, nikavuka mto na kupanda hadi Newala. Huko zahanati, muuguzi alitufundisha sisi wakimbizi: aliyezidiwa na joto avutwe kivulini, alegezwe nguo, aloweshwe maji, apepewe. Kama ana akili zake, anyweshwe kidogo kidogo maji yenye chumvi na sukari. Akiweweseka, akimbizwe hospitali huku anapozwa. "Na asifunikwe kamwe," akasema. Nilitoka nje, nikalia mpaka wenzangu wakaondoka.

Miaka ikapita. Biashara ya korosho ikafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaja na malori yao. Mchana mmoja wa msimu nilikuwa natoka kuchota maji, nimepanga foleni tangu alfajiri, nikakuta wapakizi wamemzunguka mwenzao aliyeanguka. Walisema amelalamikia baridi, nao walikuwa wanamfunika kwa magunia matupu. Nikachungulia. Sikio lile.

Nilifurahi, sifichi. Ningepita tu, magunia yangemaliza kazi. Mkuki kwa nguruwe, nikasema moyoni.

"Mama Salumu, tufanyeje?" mmoja akaniuliza.

Lakini angekufa bila kujua kwa nini. Nilitaka ajue.

"Mtoeni hayo magunia! Mvuteni kivulini! Wewe, mpepee!"

Nikammwagia ndoo nzima: kichwani, shingoni, kwapani. Siku hiyo nyumbani kwangu hakukupikwa.

Akafumbua macho. Nikainama karibu na sikio lile.

"Rehema. Msichana wa magunia ya mahindi. Ulimnyima maji."

Akasema kwa adabu, "Asante, mama. Rehema ndiye wewe?"

Wakampakia kwenye lori, wakampeleka hospitali. Alipona. Sijamsamehe, wala sitamsamehe. Ila nilitaka tuwe wawili wa kuibeba siku ile, na nimebaki peke yangu. Kila nikimkumbuka Rehema, kwanza naiona kanga, na mikono yangu ikimfunika.