Kwaya Juu ya Sauti ya Baba

Kwetu Muleba mtu akishakufa ndipo anapewa mpiga video. Baba aliishi miaka yote hiyo hakuna aliyemwelekezea kamera, ila mara moja tu. Siku ya kumzika wapiga video walikuwa wawili, wanapigana vikumbo kaburini. Kwa hiyo nina video ndefu ya masufuria ya ndizi. Nina shemeji akilia, akifuta machozi, akichungulia kama kamera bado ipo, akilia tena. Hongera zake.

Mimi nami nikajitia mtengeneza filamu. Filamu ya kumkumbuka baba, nikatangaza, ila nilichotaka hasa kilikuwa kimoja: sauti yake. Nilikuwa nimeanza kuisahau, na hilo lilinitisha kuliko kaburi lenyewe.

Sauti hiyo ilibaki mahali pamoja tu, kwenye video ya sendofu ya dada, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, baba alipotoa nasaha. Nikaiweka. Baba anasimama, anashika koti, anafungua mdomo, na kwaya inaimba. Kwaya! Tangu mwanzo mpaka anakaa.

Nikachukua bodaboda hadi Kashai kwa fundi aliyeihariri. Akaitazama kazi yake kwa furaha.

"Pale palikuwa na kelele, bosi. Nikazitoa."

Kelele ndiyo baba. Na ile video ya mwanzo, nikamuuliza, kabla ya kwaya?

"Aa, ile tulishafuta, tukarekodia harusi nyingine."

Nikamshukuru sana kwa utaalamu wake.

Nikaenda kwa mama, Kagoma, nikamfungulia kompyuta sebuleni huku anatafuna punje za kahawa. Akaitazama midomo ya mumewe, akaangua kicheko.

"Waitu! Mlidhani hapo anabariki? Anamwambia mpiga video atoke kwenye maharage yangu."

Akaendelea neno kwa neno, akinyamaza pale baba alipokohoa. Nikamrekodi kwa simu huku nalia kama mtoto, wala sikuona aibu.

Ghafla akaacha.

"Na hapo, mama?"

"Hapo alinigeukia mimi. Alisema ya kwangu."

"Sema basi, yaingie kwenye filamu."

"Hayaingii popote. Weka hiyo kwaya yenu."

Nimeiweka, hapo tu; kwingine kote ni sauti ya mama. Fundi wa Kashai asisikie tu, atatamba mpaka Kemondo. Na kila tukiitazama filamu, tukifika hapo kwaya inapaza sauti, na mama anamwitikia baba kwa kichwa.