Njia Iliyopita Uani kwa Bibi

Juzi, nikiwa ofisini mjini Unguja na kazi imenichosha, niliiba dakika chache nikafungua tovuti ya njia za miguu za Pemba. Huifungua kila ninaposhikwa na hamu ya kwetu. Safari hii juu ya ukurasa yalikuwapo maandishi mekundu: kampuni inayohifadhi kurasa hizi bure inafunga huduma yake, na mwisho wa mwezi kila kilichomo kitafutwa. Nikateremka, kama kawaida yangu, mpaka kwenye njia ya kutoka Konde kwenda pwani, nikasoma maneno niliyoyahifadhi kwa moyo tangu zamani: "Ukishavuka bonde la mpunga utaona nyumba ya makuti peke yake. Njia inapita uani. Piga hodi kwa bibi, na usipite mpaka ujibiwe. Yeye atakuonyesha pa kushukia."

Bibi huyo ni bibi yangu, mzaa mama. Amekwisha kufariki, lakini kwenye tovuti bado yuko uani kwake, bado anangojewa ajibu. Ukitaka kujua kwa nini nililia mbele ya kompyuta ya watu nikasingizia mafua, basi kaa kidogo nikusimulie.

Nyumba yetu ilikuwa juu ya kilima, mikarafuu nyuma, bonde mbele. Asubuhi ukungu ulilala bondeni mpaka mpunga hauonekani, na mimi mtoto niliamini kwamba chini kule hakuna kitu, dunia imekatika. Nilikuwa nikiamshwa na sauti ya mbuzi ya nazi, krr, krr, krr, na moshi wa makumbi ya nazi ukipenya kwenye chandarua. Bibi hakuwa na chai ya mapambo. Muhogo wa tui, kipande cha papa mkavu siku za neema, na kikombe cha maji ya moto yaliyotiwa mchaichai. Mpaka leo nikinusa mchaichai popote, hata hotelini, napotea kidogo.

Kazi yangu ilikuwa kufagia ua kwa fagio la chelewa, na ua wetu ulikuwa na mgeni ndani yake: njia. Wewe wa mjini huenda hili likakushangaza. Njia ya watu wote, ya kwenda pwani, ilikuwa ikiingia uani kwetu upande wa jiko na kutokea upande wa kisima. Wavuvi walipita hapo, wanawake wa kwenda kukusanya chaza walipita hapo, na biharusi mmoja nimemwona akipita, sanduku lake kichwani kwa shangazi yake. Hakuna aliyekata hapo bila kubisha hodi. Bibi alikuwa akisema mtu asiyebisha anapita kama mwizi au kama jini, na yeye hana haja na mmoja wao. Ukibisha, hujibiwi haraka. Alikuwa anamaliza anachofanya kwanza, kisha anaachia "Karibu" ndefu, ya kuvuta, iliyokuwa ikifika mpaka bondeni. Baada ya hapo utapewa maji, utaulizwa watu wa kwenu, na utaambiwa maji ya pwani yamejaa au yamekupwa. Njia zilikuwa mbili baada ya kisima, na ile inayoonekana nzuri ndiyo inayokutia mkokoni. Kwa hiyo kujibiwa naye kulikuwa na faida.

Mwalimu mmoja alikuja skuli yetu akitokea Wete, kufundisha jiografia. Kijiji kilimshangaa tangu wiki ya kwanza, maana alikuwa mtu wa kutembea bila pahala anapokwenda. Anapanda kilima, anakaa, anashuka. Siku alipofika uani kwetu, kiatu kimejaa matope, bibi alimtazama juu chini akamuuliza kwa upole mkubwa kama amepotelewa na ng'ombe. Mwalimu akasema hapana, anatembea tu. Bibi akamwekea muhogo mwingi kuliko kawaida. Aliniambia baadaye kwamba mgonjwa hupewa sana.

Lakini mwalimu alikuwa na jambo. Alitaka njia zote za miguu za kaskazini ziandikwe, apate kuzifuata mtu yeyote anayependa kutembea, wa hapa na wa mbali, kabla barabara hazijazimeza. Hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemlipa. Jirani wa duka la mama yangu pale Konde, fundi redio, ndiye aliyekuwa na kompyuta na modemu ya kuchomeka, naye akajitolea vilevile kwa sababu, alivyosema, redio mbovu zimempungua. Basi Jumapili tukishatoka chuoni kusoma Kurani, mikono bado ina wino wa mbao za kuandikia, tunamfuata mwalimu. Sisi watoto ndio tuliokuwa wenyeji. Yeye akiuliza hapa tunaandikaje, tunamwambia tunavyosema: penye mfenesi uliopigwa radi, kwa muuza vileja, kwenye daraja la mnazi ulioanguka. Na yeye, Mungu amjaalie, akaandika hivyo hivyo. Hakuweka kaskazini wala magharibi. Aliandika njia kama anavyoelekezwa mtu na mtu.

Jioni tunajazana dukani kwa fundi, kuna harufu ya risasi ya kulehemu na ya mafuta ya taa, tunangoja picha moja ipande. Mtandao wenyewe ulikuwa wa kusuasua. Picha ikifunguka ilianzia juu: mbingu kwanza, kisha vichwa vya minazi, kisha paa, nasi tunashindana kubahatisha ni wapi. Picha ya kwetu ilipofunguka wenzangu walitaraji kumwona bibi. Yeye lakini alikataa kupigwa picha, akasema sura yake haijawahi kwenda safari bila yeye. Alikubali mkono tu. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa njia ya pwani ukawapo mkono wa bibi, umeshika mwiko, unaonyesha pa kushukia. Nilijiona mtoto wa mtu mkubwa.

Halafu wageni wakaanza kuja. Sikuamini mpaka nilipoona kwa macho yangu: mama mmoja wa bara na mumewe, mabegi mgongoni, wamesimama pembeni mwa jiko letu na karatasi waliyochapisha, wanabisha hodi kwa zamu kama watoto wa darasa la kwanza. Bibi alikuwa anapepeta mchele. Hakuharakisha. Aliwaachia "Karibu" yake, wakapumua. Tangu siku hiyo aliongeza muhogo kwenye chungu kila Jumapili, akinung'unika kwamba mwalimu amemtia kwenye kompyuta na sasa hana mapumziko. Wageni wasipofika ananung'unika zaidi.

Na chini ya ukurasa watu walikuwa wakiandika. Wapemba walioko Muscat, Mombasa, Dar es Salaam, watu ambao hawakukusudia kutembea popote, walikuwa wakiisoma njia hiyo wakiwa wamekaa. Mmoja aliandika kwamba amefika kwa bibi, amekunywa maji, anashukuru. Fundi alimsomea bibi maneno hayo. Bibi akauliza mtu huyo ni wa nani, akaambiwa, akasema alimjua mamaye, mwambieni na arudi basi.

Sitakusimulia sana miaka iliyofuata, kwani unaijua, ni ile ile ya kila mtu. Nilikwenda Unguja kusoma, bibi akaugua, mama akamchukua Konde, akafia huko. Nyumba ikabaki peke yake.

Nilipoona maandishi mekundu niliomba likizo, nikapanda boti. Mwalimu sasa amestaafu, anakaa Konde na mkewe, magoti yamemkatalia vilima. Nilimwamkia, akaitikia, akaanza kunicheka kwamba nimenenepa kwa chipsi za mjini. Habari ya tovuti alikwisha kuipata. Kundi la vijana wa Chake Chake, wanaotembea kwa miguu kila mwisho wa wiki, wamejitolea kuipa makao mapya, wao na wale watakaokuja nyuma yao. Walitaka kurasa zote kabla ya mwisho wa mwezi. Tukaingia kazini dukani kwa fundi, ambaye siku hizi anatengeneza simu. Tulinakili ukurasa mmoja mmoja. Maneno yalikubali. Picha nyingi zilikataa, kwa sababu ziliwekwa mahali pengine palipokwisha kufungwa wiki ile, na pale ulipokuwa mkono wa bibi palibaki kisanduku cheupe tu. Fundi alijaribu kila alichokijua, kisha akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

Kwa hiyo yalibaki yale maneno ya kupiga hodi kwa bibi. Mwalimu alipofika hapo akasema, haya nayo tuyafute.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia mwalimu, picha imekwenda, nyumba imekwenda, hayo ndiyo yaliyobaki ya bibi yangu duniani, na sisi si tumekuja kuokoa? Nilipandisha sauti, jambo ambalo hata skuli sikuwahi kumfanyia. Aliniacha nikamaliza. Kisha akanieleza habari ambayo nilikuwa sijaipata. Msimu wa mvua uliopita kijana mmoja wa lile kundi la Chake aliifuata njia hiyo peke yake, simu mkononi. Alifika kwenye nyumba, wakati huo paa bado liko. Akabisha hodi. Ameandikiwa asipite mpaka ajibiwe, na ni kijana aliyelelewa, basi akakaa barazani akingoja. Alidhani mwenyewe yuko shamba. Alingoja mpaka magharibi. Alipoamua kushuka alishika njia ile nzuri, ikamtia mkokoni maji yanajaa, na lau wakata kuni wasingemsikia akiita, tungekuwa tunazungumza mengine.

"Mwanangu," mwalimu akasema, "hii si hitima ya marehemu. Hii ni njia. Anayekuja hamjui bibi yako, wala hajui kama keshakufa. Yeye ataka kufika."

Nilikasirika tu, tena nikakasirika zaidi kwa sababu alikuwa anasema kweli. Nikamwambia kabla sijafuta nakwenda kuona kwanza.

Asubuhi nikaenda kwa miguu. Mfenesi uliopigwa radi haupo, muuza vileja hayupo, na pale kwenye daraja la mnazi pana karavati la saruji. Bonde liko vilevile na ukungu wake, namshukuru Mungu kwa hilo. Nilipanda kilima haraka, kama vile nimechelewa kurudi na nitagombwa. Nyumba haina paa. Kuta za udongo zimelainika na mvua, zimeshuka, zimekuwa fupi kuliko mimi. Ua niliokuwa nikiufagia umeota majani mpaka magotini. Lakini katikati ya majani, wembamba kama mkanda, njia bado inapita. Inaingia upande wa jiko, inatokea upande wa kisima. Watu wanapita hawabishi.

Nilisimama pale nikashindwa kupita. Kwa kweli nilishindwa. Mdomo wangu ulikuwa unataka kusema hodi na nilikuwa nikiogopa kusikia kimya chake.

Chini kidogo ya kisima mwanamke mmoja kijana alikuwa anaanika karafuu kwenye jamvi. Sikumjua, alisema ameolewa hapo kijijini juzijuzi tu, kwao ni Gando. Tukasalimiana, nikamuuliza pahala hapa siku hizi panaitwaje, maana nilikuwa natafuta alama ya kumwekea mtu aandikiwapo njia.

"Hapa? Hapa paitwa Kwa Bibi."

"Bibi gani?"

"Mie sijui, dada'angu. Nimekuta waita hivyo. Hata mume wangu akitoka pwani hunambia kwa simu, nipo Kwa Bibi, tia maji ya chai." Akageuza karafuu kwa kiganja, harufu ikatupanda sote wawili. "Alikuwa wako?"

Nikasema alikuwa wangu. Akanipisha nikakaa kwenye jamvi, na nikalia mpaka nikaona haya, naye akaendelea kuchambua vikonyo vya karafuu.

Nilirudi Konde mchana. Mwalimu na fundi walikuwa wananingoja, wamenifunikia sahani ya wali. Sikula kwanza. Nilikaa kwenye kompyuta, nikafuta ile nyumba ya makuti, nikafuta hodi, nikafuta mpaka ujibiwe. Kila neno nilikuwa nikilisikia linavyoondoka. Kisha nikaandika: "Ukishavuka bonde la mpunga utafika Kwa Bibi. Hapana mtu. Usisimame kungoja. Baada ya kisima shika njia ya kushoto, ile isiyopendeza, na teremka kabla maji hayajajaa."

Mwalimu aliinama akasoma polepole, kidole kwenye kioo kama alivyokuwa akitusahihishia mtihani. Akasema imekaa sawa. Fundi akabonyeza, ukurasa ukaenda Chake.

Ni maelekezo mazuri, nayajua mwenyewe, na mtu atakayeyafuata atafika pwani salama. Atakata ua wetu pale, begi mgongoni, bila kusimama, na hakuna atakayemkaribisha.