Darwesh Hajui Kama Aligonga

Saa moja asubuhi, Darwesh Kassimu ameketi kwenye mchanga wa ufukwe wa ziwa, Rumonge, mkono wa kocha wake Meshaki ukiwa umemkaba shingo kutoka nyuma. Mshipa wa paji la uso umemvimba. Wanawake wanaoanika ndagala, samaki wadogo wa ziwani, karibu nao wameacha kazi, wanatazama.

Meshaki anasubiri kugongwa. Katika mapigano haya mchanganyiko, ya ngumi, mateke na mieleka, aliyezidiwa humgonga mwenzake kwa kiganja kuonyesha kwamba amesalimu amri. Darwesh hagongi. Kocha anaogopa, anamwachia.

"Ulikuwa unataka kugonga?"

Darwesh anakohoa kwanza. "Sijue, kocha. Mukono wangu ulikuwa wapi?"

Swali hilo limemganda mwanaume huyu wa miaka thelathini na mmoja tangu mwaka jana.

Mchana hupakia vidumu vya mawese kwenye malori yanayokwenda Bujumbura. Alianza na judo shuleni, kisha Meshaki akamwingiza kwenye ulingo wa wavu. Alishinda mapambano manne mfululizo. Moja lilimpa mabati ya kuezekea nyumba. Halafu akavunjika taya mazoezini, akakaa mwaka mzima nje. Aliporudi akapoteza mawili. La pili halikumpa hata nauli: alidandia lori la mihogo mpaka Minago, akamalizia kwa miguu.

Pambano na Heri, mpiganaji wa Uvira, ndilo lilikuwa la kumwinua. Mshindi angepelekwa kupigana Dar es Salaam. Raundi ya kwanza Darwesh alimwangusha Heri mara mbili. Ya pili, Heri akaipata shingo yake. Mwamuzi akaingilia, akawatenganisha. Darwesh akasimama, akainua mikono, akauzunguka ulingo akishangilia. Ukumbi mzima ukacheka.

"Nilizani nimeshinda," anasema. "Niliona aribitri anamutoa Heri juu yangu. Nikasema, basi Heri ndiye amekosa."

Akaambiwa amegonga. Yeye anachokumbuka ni kukitafuta kiwiko cha Heri akivute. Mkewe Zainabu, aliyekaa safu ya mbele, anaapa kwamba hakugonga. Meshaki anasema aligonga, "lakini polepole, kama mutu anayebisha kwa jirani." Video iliyopigwa kwa simu nayo haisaidii, kwani wakati wenyewe kichwa cha mtazamaji kinapita mbele.

Zainabu ana wasiwasi mwingine. "Tukirudi kutoka kwenye pambano, njiani pale Kabezi aliniuliza tunatoka wapi. Nikamwambia. Kidogo tu, akauliza tena vilevile."

Heri alikwenda Dar es Salaam, akapigwa, akarudi. Mwezi uliopita alimpigia Darwesh simu, na kabla salamu hazijaisha Darwesh akamwuliza kama aligonga.

"Kaka, nilisikia mukono wako ubavuni," Heri alimjibu. "Lakini kama ulikuwa unagonga ao unatafuta kunishika, siwezi kuapa." Kisha akamwomba warudiane, Uvira, mvua zikiisha.

Darwesh alikubali papo hapo. Jioni akabadili mawazo. Asubuhi akakubali tena. Daktari wa Rumonge alikuwa amemtaka apumzike, na asipigane kabla ya kupimwa kichwa Bujumbura. Ndiyo maana Zainabu, aliyepelekewa habari na wanawake wa ndagala, anafika mchangani akiwa amekunja uso.

"Baba Ruqaya, unajikabisha shingo kwa sababu ya pambano lililokwisha?"

"Nataka kujua kama mimi iko mutu wa kuacha."

"Na ukijua?"

Darwesh anamtazama Meshaki, kisha ziwa, kisha mkewe. Meshaki anainama kukusanya vitu vyake na kusema kwamba hatamkaba tena mpaka daktari aseme.

Wanakubaliana hapo hapo. Wiki ijayo mume na mke watapanda gari pamoja kwenda Bujumbura. Daktari akikataa, Heri ataambiwa hapana. Akiruhusu, Zainabu atakaa kando ya wavu na taulo la kurusha ulingoni, ishara ya kusimamisha pambano mumewe akizidiwa.

"Natumaini kushinda," Darwesh anasema akivaa shati kwenda kwenye vidumu vyake. "Lakini akirusha taulo, nitajua nimeshindwa." Anafunga vifungo. "Ao nitabishana naye mpaka nyumbani. Angalau nitakuwa na mutu wa kuuliza."