Daftari la Maneno Elfu Mbili

Mke wangu amechukua kazi niliyoisotea miezi minane. Tena kaichukua kwa daftari nililoliandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Msinicheke kwanza.

Mimi ni mlinzi wa geti hospitalini, yeye anafua mashuka hapo hapo. Ikatangazwa nafasi ya mapokezi: kiti, feni, na Kiingereza cha kuongea na wagonjwa wageni. Nikasema hii yangu.

Nikanunua daftari. Kila siku nachota maneno kumi magumu kwenye kamusi. Kushoto neno, kulia maana yake kwa Kiingereza chepesi. Getini wakanibatiza Kamusi, na mimi nikavimba kichwa.

Kila jioni mke wangu anafunika upande wa maneno kwa kiganja, ananisomea maana, mimi natoa neno.

"Baba, hii maana naielewa, ila neno lenyewe..."

"Mama, wewe soma tu. Neno niachie mimi."

Siku ya usaili bosi hakuniuliza neno hata moja! Alinionyesha bibi mmoja mgeni, kakaa kwenye benchi kashika goti.

"Mhudumie."

Nikafyatua. Maneno mazito matano ndani ya sentensi moja.

Bibi akakumbatia mkoba wake, akamuuliza bosi kama anaenda kukatwa mguu. Machozi yakaanza kumtoka.

Nikatafuta neno dogo la kumtuliza. Sina! Elfu mbili kichwani na hata moja halifai. Nilitamani ardhi inimeze.

Mke wangu akatokea na toroli la mashuka. Akaliegesha, akachuchumaa mbele ya bibi. Kwa Kiingereza kifupi akamwambia asiogope, maumivu yatapungua taratibu, akae hapo, daktari anaitwa.

Bibi akafuta machozi.

"Umejifunzia wapi?" bosi akauliza.

"Huwa namsomea mume wangu maana za maneno," akajibu kwa aibu. Kiti akapewa yeye.

Hasira niliyokuwa nayo, we acha tu. Wiki nzima nilimjibu kwa mkato, na kosa hana.

Jana nimelitoa tena lile daftari.

"Nifunike wapi, baba?"

"Usifunike. Leo wewe taja neno, maana nisome mimi."

Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaanza kutaja.

Wewe unayekariri maneno makubwa ili watu wakuheshimu, usiyaruke madogo yanayoyaeleza. Hayo ndiyo watu wanayoongea. Mimi bado niko getini, nayasoma upya kuanzia ukurasa wa kwanza.