Kreti Iliyorudi Dukani

Harufu ya chapati zinazokaangwa ndiyo iliyotuamsha kila asubuhi kambini Makindye, ambako baba alikuwa sajini. Mimi niliamka kabla ya wote. Nilikuwa na miaka minane, na unene wangu ulisifiwa kambi nzima. Majirani walinifinya mashavu wakimpongeza baba kwamba anajua kulisha. Kwao, mtoto mnene alikuwa ushahidi kwamba mshahara wa askari haukuishia kwenye pombe. Hakuna aliyeuliza kwa nini nilikaa chini wenzangu waliporuka kamba. Nilikosa pumzi, na niliona aibu.

Mama aliona. Muuguzi wa zahanati alipomwonya, hakunitenga kwa kunipa sahani yangu ya mgonjwa. Aliibadili nyumba nzima. Chapati zikawa za Jumapili tu, mboga za majani zenye ufuta uliosagwa zikajaa sinia yetu sote, soda ikakoma, na kila jioni baba mwenyewe, buti zingali miguuni, alitutembeza mlimani. Alinung'unika mwezi mzima. Samaki mkunje angali mbichi, mama alimwambia. Baba alikuwa amekwisha kukauka kidogo, lakini alikunjika.

Kisha akaja dada yake, shangazi yangu wa Gulu, na mikate miwili na kreti nzima ya soda aliyoinunua duka la langoni, kama mgeni mwenye adabu. Zawadi ya mgeni hairudishwi. Hufunguliwa mbele yake, na mtoto huonja kwanza. Shangazi akanifungulia chupa. Mama akaitoa mkononi mwangu.

"Wewe nataka huyu mtoto akonde, watu iseme ndugu yangu hana chakula?" shangazi alifoka.

"Chakula iko mingi, wifi. Hii soda ndio hapana."

Sote tukamtazama baba. Nilimwomba Mungu amfanye baba amtetee shangazi, maana niliitaka ile soda kwa roho yangu yote. Baba akainua kreti, akaitoa nje mchana kweupe, akairudisha dukani huku kambi nzima ikitazama na wengine wakimcheka mama. Shangazi hakukanyaga kwetu kwa miaka miwili. Mimi nilimnunia mama wiki nzima. Mwaka uliofuata niliruka kamba mpaka wenzangu wakachoka kuizungusha, na leo nasema bila kumumunya maneno: mama alikuwa sahihi, na waliomcheka walikosea.

Sasa nami ni mama, nafanya kazi Nakasero, na vita vimekuwa vikali zaidi. Biskuti zinauzwa mpaka mlangoni mwa shule, simu zimewakalisha watoto, na mtoto mwembamba bado anahurumiwa. Majirani huwapeleka watoto kwa gari kwenye shule ambayo kengele yake twaisikia sebuleni. Mimi na binti yangu hutembea. Juzi jirani mmoja alisimama kando yetu, akashusha kioo.

"Pole, mama. Gari imeharibika?"

"Iko mzima kabisa," nikamjibu. "Lakini gari ni yangu. Miguu ni yake."